Tumfikirie Mwalimu

Migwani,
19 Januari 2025

Kwako dada Mbinya,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekula soksi za mtoto, na hata yeye anaendelea vizuri kuliko soksi. Wifi yako Ndunge anakusalimu. Ameniambia niandike herufi zinazosomeka, kwa sababu mwandiko wangu ni wa daktari ambaye hakufika chuoni. Mvua ya Novemba ilitupa ndengu za kutosha. Mahindi yalikataa kama kawaida yake, na mimi kama kawaida yangu nilikuwa nimeyapanda.

Najua utashangaa kupata barua mwaka huu, wakati hata nyanya wa jirani ana simu ya kuonana. Lakini nimekupigia tangu Krismasi, na simu yako inaita mpaka inachoka. Nikituma ujumbe unajibu neno moja. Nilikuuliza mnaendeleaje, ukajibu, "Sawa." Nikauliza kama utakuja Pasaka tumwekee mama msalaba mpya, ukajibu, "Sawa." Nilikuwa karibu kukuandikia kwamba nyumba yangu imeungua ili nione utajibu nini, Ndunge akaninyang'anya simu.

Ndiyo maana barua hii inakuja na Mutie, yule mnunuzi wa ndengu. Anapitisha pikapu yake barabara ya Ikutha mpaka Kibwezi, halafu anakunywa chai kwako Kambu kabla ya kuelekea Mombasa. Kama nimekukosea, niambie. Ndunge anasema nina njia nyingi za kuwakosea watu bila kujua, na alinipa mifano tulipokuwa tukila, lakini hakuna hata mmoja unaokuhusu wewe.

Sasa nikupe aibu yangu ya wiki hii ili ucheke. Unajua nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Tumefika mahali pa kuwafundisha watoto kusema mambo ambayo hayapo, ya kufikiria tu: kama ningekuwa hivi, ningefanya vile. Nikaandika ubaoni sentensi ya baba aliyefutwa kazi. "If my father lost his job, I would look for work." Sentensi ya kawaida, hata kwenye kitabu zipo mbaya zaidi. Nikamwambia Kavindu aisome. Huyu ni msichana hodari, anakaa mbele, hajawahi kunisumbua.

Kavindu akasimama, akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, hiyo siwezi kusema. Ulimi unaumba."

Darasa zima nyuma yake likasema, "Shindwe."

Si mimi niliyeambiwa nishindwe, ni sentensi, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimeisimamia. Siku hizi karibu na soko kuna kanisa jipya la hema, na huko wanafundisha kwamba neno ukishalitoa kinywani umeliita lije. Nusu ya wanafunzi wangu wanaabudu hapo. Jambo baya hawalisemi hata kwa mfano, hata kwa Kiingereza.

Kesho yake babake Kavindu alikuja shuleni. Ni Shemasi Kyule, karani wa mradi wa maji. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe una shida gani na kazi yangu?" Nikamweleza ni mfano tu. Akatoa barua mfukoni. Siku ileile niliyoandika sentensi yangu, alikuwa ameandikiwa onyo kazini. "Sasa unaona?" akasema. Nikaona, nifanyeje. Akataka apelekwe darasani auombee ubao. Aliuombea kwa muda mrefu, na mimi mwenye shahada yangu nikasimama kando nimeshika dasta.

Niandikie. Hata kama ni kunigombeza, gombeza.

Mimi ndugu yako,
Kisilu


Kambu,
9 Februari 2025

Kwa Mwalimu Kisilu,

Nakusalimu wewe, Ndunge, watoto, na huyo mbuzi aliyevaa soksi kwa ndani. Mimi sijambo. Mwanangu Nduku pia hajambo, saluni yake kule Salama imepata wateja, na kila akija nyumbani ananitazama kichwa kwa huruma kama shamba lililokosa mtu wa kulima. Huku ni jua na vumbi la malori. Chai inauzwa. Madereva wanaoegesha ng'ambo ya barabara hawataki kuvuka, kwa hiyo mimi ndiye ninayevuka na thamosi.

Hujanikosea. Ungekuwa umenikosea ungejua, mimi si mtu wa kunyamaza. Simu ndiyo nimeichoka. Watu wa siku hizi hawajui kuongea, wananong'ona tu kama wanaokupangia wizi. Zamani mtu akisema jambo hapa, linasikika hadi kwenye kituo cha petroli. Hata wateja wamekuwa hivyo. Juzi Ben, tanboi anayemsaidia dereva wa lori moja la simiti, alisimama mbele yangu akafungua mdomo akafunga. Ukimuuliza mtu mara mbili atakuona mzee, kwa hiyo siku hizi nampa mtu kile anachofanana nacho. Nikampa mandazi. Akayatazama, akayala.

Hayo mambo ya ubao yamenichekesha mpaka nikamwaga maziwa. Baadaye nilitubu, kwa sababu pasta wetu hapa anafundisha vivyo hivyo, na si vizuri kumcheka shemasi hata kama ni wa huko kwenu. Lakini wewe nawe, Kisilu. Vitu vyote vya duniani vya kufikiria, umechagua kumfuta baba wa mtu kazi. Wape watoto mema. Waambie wafikirie wamejenga, wamesoma, wamekula nyama. Nani atakataa?

Endelea kuandika. Barua nimeipenda. Naisoma maji yakichemka, na hainihimizi nijibu papo hapo.

Dada yako,
Mbinya


Migwani,
2 Machi 2025

Kwako dada Mbinya,

Barua yako ilifika na doa la chai, Ndunge akainusa kabla ya kuisoma. Amesema unajua kuandika kuliko mimi na unafaa kupewa darasa langu. Nimekubali, njoo ulichukue. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno mawili na amekwisha kuyajaribu kwenye kidole changu.

Nilifuata ushauri wako. Niliingia darasani na mema matupu. Nikaandika kwamba kama ningekuwa tajiri ningemjengea mama yangu nyumba. Nikawageukia nikiwa nimeridhika kabisa. Basi Musyimi akasimama, yule mrefu wa nyuma mwenye ndevu za kunizidi.

"Mwalimu, hapo mwanzo pana shida. Ukisema ungekuwa tajiri, umekubali wewe ni maskini. Mimi ni tajiri tayari, ni vile pesa haijafika tu."

Wenzake wakaitikia amina. Kwa hiyo nikawa mbele ya darasa la matajiri watupu, na maskini alikuwa mmoja, aliyeshika chaki, mwenye kiatu kilichoshonwa kwa waya.

Nikajaribu ndege. Kama ningekuwa ndege ningeruka hadi Mombasa. Kavindu akauliza polepole kama mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu anaruhusiwa kuomba mabawa ya kunguru. Nikaacha ndege. Nikajaribu mvua, nikidhani mvua haina dini: kama ingenyesha kesho, tungepanda maboga. Dada, usiwatajie watoto wa Kitui mvua mwezi wa pili. Walifunga macho wakaanza kuiomba, na kipindi kikaishia hapo. Haikunyesha. Siku iliyofuata wakanieleza kwamba ile "if" yangu ndiyo iliyotia shaka.

Mwisho wa mwezi huu afisa wa elimu anakuja kutazama tunavyofundisha. Mwalimu mkuu amechagua aoneshwe somo hilihili. Anasema amepita dirishani mara nyingi na ameona wanafunzi wangu wakichangamka sana.

Kuna neno lingine. Mutie alipoleta barua yako alikaa kidogo kwangu. Alisema siku ile alipofika ulikuwa umempa mgongo ukikanda unga, akakuita, "Mwaitu, mwaitu," kwa lile jina la mama analokuita kila siku, na hukugeuka mpaka alipozunguka akasimama mbele yako. Akasema tena kwamba alikuona katikati ya barabara na thamosi zako, lori linakupigia honi, na wewe unatembea kama uko kwenye njia ya kwenda kanisani. Alianza kunihadithia kwa kicheko, lakini kicheko hakikufika mwisho.

Dada, unasikia? Ni hilo lililofanya uache simu? Nimekaa na swali hili na nimeshindwa kulitia sukari, kwa hiyo nalileta hivyo lilivyo. Ile barabara naiogopa.

Kisilu


Kambu,
16 Machi 2025

Kisilu,

Salamu. Mimi sijambo. Nduku hajambo. Kuku hawajambo.

Mutie achunge ndengu zake zisiingie wadudu. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Na ukigeuka kwa kila honi ya barabara hii, kufikia saa nne shingo imeng'oka.

Mwezi wa kumi na moja niliombewa hapa kanisani, watu wote wakiona. Pasta aliweka vidole vyake kwenye masikio yangu, akaniuliza kama nimepokea. Nikasema nimepokea. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Basi nimepokea. Siwezi tena kusimama na kinywa hikihiki nikasema neno tofauti. Wewe umesoma kuandika tu, kuamini hukufundishwa.

Usiniulize tena. Niandikie habari za wanafunzi na za mbuzi.

Mbinya

Hii nimeiandika bila chai.


Migwani,
6 Aprili 2025

Kwako dada Mbinya,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu, na si kwa kukosa karatasi. Nilikuandikia mara kadhaa, na kila mara Ndunge alisoma, akaniambia, "Hii inahubiri," akawashia nayo jiko. Tumepika ugali mzuri kwa mawaidha yangu. Shule imefungwa Ijumaa. Mbuzi hajambo, sasa ameanza kamba za kuanikia nguo.

Umeniomba habari za wanafunzi, basi keti. Afisa wa elimu alikuja. Alikaa nyuma kando ya Musyimi, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo kila alipoandika alikuwa akipanda na kushuka. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akitabasamu. Kavindu alikuwa amekunja mikono hata kabla sijaandika tarehe. Nilishika chaki na sikuwa na sentensi hata moja. Mabaya hawayataki, mema wanasema wanayo tayari, ndege hawako tayari kuwa. Nikajiuliza, sasa nani atayabeba mambo haya? Nikatazama huku na huku, na mtu pekee niliyemwona hana kazi muhimu pale ndani alikuwa mimi.

Nikawaambia, "Hakuna anayelazimishwa kujisema mwenyewe. Nisemeni mimi. Mimi ni wa kanisa la zamani, tunaimba kutoka kwenye kitabu. Kwangu ulimi hauumbi kitu, hata mke wangu ni shahidi."

Halafu Musyimi akaanza, polepole, kwa Kiingereza safi ambacho sikujua anacho: kama Mwalimu Kisilu angetumbukia kisimani, tungemteremshia kamba. Mwingine akadakia: kama kamba ingekatika, tungemwita mkewe. Baada ya hapo mikono ilijaa hewani. Dada, niliumwa na nyoka. Nilifutwa kazi. Niliibiwa suruali sokoni siku ya mnada. Niligeuka punda, wakanifunga mkokoteni wa maji, wakabishana kama ningefaa kuuzwa. Afisa naye aliinua mkono, akanitia jela. Yote bila kosa hata moja la Kiingereza. Aliandika kwenye ripoti kwamba somo lilikuwa na uhai. Uhai ulikuwa wao, aliyekufa kila sentensi nilikuwa mimi. Shemasi Kyule alipopata habari alikuja kunishika mkono, akasema ni vizuri kila mtu awe na huduma yake.

Kuelekea mwisho Kavindu alikunjua mikono. Alisema hivi: kama Mwalimu Kisilu angepoteza masikio, hatungemcheka, tungekaa mbele mahali anapoona midomo yetu. Sikuwa nimewaambia lolote. Nilikuja kujua baadaye kwamba nyanyake yuko hivyo. Niliiandika sentensi yake ubaoni na nikakaa nimeelekea ubao kwa muda mrefu kuliko sentensi yenyewe. Nililia, dada, sioni haja ya kukuficha. Darasa lilidhani ni vumbi la chaki.

Sikuulizi lile swali. Ulinikataza na nimekatazika. Ila nakupa zoezi kama nilivyowapa wao. Usijiseme mwenyewe, niseme mimi. Kama mimi Kisilu ndiye masikio yangeanza kuniacha, na nimeombewa, na nimesema mbele ya watu kwamba nimepokea, ningekuwa naishije? Na wewe dada yangu ungenifanyia nini? Jibu kwa sentensi kamili. Hakuna haraka.

Pasaka tutamwekea mama msalaba. Mahali pako papo.

Ndugu yako,
Kisilu


Kambu,
4 Mei 2025

Kwa Mwalimu Kisilu,

Nawasalimu nyote. Pasaka sikuja, uliona. Nduku amenionesha picha ya msalaba. Umeupaka kijani cha mlango wa choo cha shule, sijui nani alikushauri, lakini umesimama wima na mama hakuwa mtu wa kuchagua rangi. Hapa mvua ilipita siku mbili, ikatupaka matope ya kutosha kulalamika. Nimesoma barua yako mara nyingi. Ile ya punda nimeisomea wanawake wenzangu wa chai, sasa wakiniuliza habari zako wanasema, "Punda anaendeleaje?"

Zoezi nimelifanya. Nililiacha, nikalichukua, nikaliacha tena chini ya kopo la sukari. Ni gumu, na usidhani ni kwa sababu ya shule.

Kama wewe Kisilu ndiye ungekuwa husikii, hungeijua siku jambo lilipoanza. Ungedhani ndege wamehama. Ungedhani Nduku amepata adabu, anazungumza polepole. Ungechukia simu, kwa sababu ndani ya simu hamna mdomo wa kutazama. Ungekuwa unajibu "Sawa" kwa kila kitu, na siku moja ungemjibu hivyo mtu anayekuambia amefiwa. Ungelijua jambo kwa uso wake, na ungekuwa umechelewa. Watu wakicheka ungecheka, nusu nyuma yao. Kanisani ungeimba ukitazama koo la jirani, halafu Jumapili moja ungeendelea peke yako wimbo ukiwa umekwisha. Watu wangesema Roho amekushukia. Nawe ungekaa chini na utukufu huo usio wako, kwa sababu kuueleza ni kazi zaidi.

Baada ya kuombewa ungesikia vizuri wiki moja. Kweli kabisa ungesikia, au ungetaka sana mpaka ikawa ni hivyohivyo. Halafu ingerudi. Na hungemwambia mtu, si kwa kiburi kama unavyodhani. Ungeona kwamba ukisema hujapona, umemwangusha Mungu mbele ya watu waliolia kwa ajili yako. Yule mama aliyekushika mkono akilia anauza mboga kibanda cha pili kutoka kwako. Ungemtazama vipi asubuhi?

Siku moja mwezi wa pili ungevuka barabara na thamosi mbili. Ungetazama kulia, ungetazama kushoto. Lakini lori moja lingekuwa linalipita lingine, nalo lingetoka mahali ambapo umemaliza kutazama. Honi hungeisikia. Ungesikia upepo. Kitambaa chako cha kichwa kingeruka mpaka mtaroni, najua wewe huvai kitambaa, lakini hili ni zoezi. Thamosi moja ingepasuka. Ungechuchumaa uokote vipande ili watu wadhani unahurumia thamosi. Wangekujia wengi, midomo yote inafunguka, na hungejua kama wanakutukana au wanakupa pole. Tangu siku hiyo ungeogopa, Kisilu. Kila asubuhi ukifunga chai ungeogopa, halafu ungevuka, kwa sababu madereva wako ng'ambo.

Umeuliza ningekufanyia nini. Nisingekuhubiria. Nisingemtuma Mutie akuchunguze ukikanda unga. Ningekuja siku ya Jumanne, kwa sababu Jumanne chai inauzwa kidogo, nikushike mkono nikupeleke kwa daktari wa masikio. Nisingekuuliza kama unataka. Na kama mtu wa kanisa angetukuta njiani, ningemwambia mgonjwa ni mimi.

Sentensi zote ni kamili. Sahihisha.

Mbinya


Migwani,
11 Mei 2025

Kwako dada Mbinya,

Salamu za Ndunge zije kwanza, kwa sababu amenisimamia nyuma ya bega anahakikisha sihubiri.

Zoezi lako nimelipa alama zote. Nililisoma nyuma ya jiko ili watoto wasinione uso, na moshi ulinisaidia kwa maelezo.

Nimepata ruhusa kazini. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba masikio yananisumbua. Akasema alikuwa ameshuku siku nyingi, kwa vile sijawahi kusikia kengele ya mkutano wa walimu. Nitafika Kambu Jumanne tarehe ishirini asubuhi. Naomba unisindikize kwa daktari. Kwenda peke yangu siwezi, dada, naogopa, na si zoezi.

Nikiitwa, ingia pamoja nami. Na kama daktari atakosea akaanza kuchunguza masikio yako badala ya yangu, tusimkatize. Hawa watu wamesoma.

Usivuke barabara mpaka nifike. Hao madereva wakikosa chai siku chache watakumbuka kwamba wana miguu.

Mgonjwa wako,
Kisilu


Kambu,
22 Juni 2025

Kwa Mwalimu Kisilu,

Pokea salamu zangu, wewe na Ndunge na watoto. Natumaini masikio yako yanaendelea vizuri. Nimemhadithia Nduku jinsi daktari alivyokuambia, "Kwa kuwa umekuja, acha nikutazame na wewe," halafu akakutoa nta ya kutosha kutengeneza mshumaa. Nduku alikaa chini kwa kicheko. Kumbe mwalimu mkuu hakukosea, ni kweli kengele ulikuwa huisikii.

Kifaa cha kusikia nilichowekewa na daktari nimekizoea kidogo. Kwanza kilinitesa. Nilikuwa nimesahau kwamba karatasi inalia, na kwamba friji ya jirani ina hasira. Asubuhi ya kwanza niliweka chapati kwenye mafuta, nikasikia inavyochacharika. Nilisimama pale nikiisikiliza mpaka ikaungua, na nikaweka nyingine. Ben nimegundua ana matusi mabaya. Nimegundua pia kwamba mandazi hayapendi, miezi yote hii alikuwa anaomba chai ya rangi na alikuwa ananiogopa. Nimempa chai, tumesameheana.

Thamosi sasa zinavuka na mtu mwingine, au madereva wanakuja wenyewe. Kadhaa wamekuja.

Jumapili iliyopita pasta alinisimamisha nje baada ya ibada. Akaniuliza, "Dada Mbinya, hicho kwenye sikio ni nini?" Nikamwambia ni cha ndugu yangu, mwalimu wa Migwani, nimemshikia tu. Alikitazama muda mrefu. Halafu akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, na nilisikia kila neno, kama huyo ndugu yangu anaweza kumwelekeza kwa huyo daktari, kwa sababu mama yake siku hizi anajibu "Sawa" kwa kila kitu. Nimemwandikia jina la hospitali. Mama yake anauza mboga kibanda cha pili kutoka kwangu.

Sasa acha nimalize na zoezi, nijiseme mwenyewe. Nilikuwa sisikii, Kisilu. Sikio la kushoto bado halisikii, daktari amesema limekwenda, na hilo nalo nalisema kwa kinywa changu. Sijaona kitu kikianguka kutoka juu. Niliogopa sana, na nilikosa sauti yako, na nilikuwa nalia nikiona jina lako linawaka kwenye simu.

Nipigie Jumapili baada ya ibada. Na usipige kelele, mimi si kiziwi.

Dada yako,
Mbinya